Mkono wa kulia, mkono wa kushoto: kisa cha wanawake wawili wa Amu baada ya kiharusi

Nilipoitwa kwenye nyumba ile ya mtaa wa Mkomani, kiharusi kilikuwa kimeshatimiza wiki saba. Mgonjwa nilimkuta chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, amegeuzwa akitazama ukuta, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kabla sijaingia, binti yake alinishika mlangoni akaninong'oneza: "Alhamdu anaisoma yote mpaka amin. Jina langu halijui. Ndugu za baba wanasema anajifanya."

Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwetu ni Malindi, na hapa Amu, yaani Lamu, huu ni mwaka wangu wa 6. Kisa hiki nimekishona kwa vipande vya nyumba zaidi ya moja ili mwenyewe asitambulike, na majina sitaji. Mgonjwa nitamwita Mshonaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kofia za mkono. Mwanamke aliyemjia baadaye nitamwita Somo, kama wao wenyewe walivyokuja kuitana.

Mshonaji ana miaka 47 na watoto wanne. Presha alikuwa nayo tangu mimba ya mwisho. Vidonge alikuwa navyo pia, ndani ya bati la biskuti pamoja na sindano na nyuzi, na alimeza kimoja kila "kichwa kikigonga". Nimeona vidonge vya presha vikimezwa hivyo katika nyumba nyingi, na sioni cha kumcheka mtu hapo. Dawa ya kichwa humezwa kichwa kikiuma, ya kifua humezwa kifua kikibana. Nani angewaza kwamba kuna dawa ya kumezwa kila siku na mtu ambaye haumwi popote? Lakini presha ndivyo ilivyo. Yaweza kufika 200 na mwenyewe yuko jikoni anapika pilau ya wageni.

Siku ile ilikuwa alfajiri, anatawadha. Birika likamponyoka. Akadhani ni sabuni, akainama kuliokota, mkono haukwenda. Binti alipofika mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno yamevurugika. Vichochoro vya Mkomani ni vya upana wa punda na mzigo wake, kwa hiyo alibebwa kwenye kiti cha plastiki na vijana wanne waliokuwa wakipokezana mpaka hospitali.

Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Haitolewi kabla ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa umeziba, si kwamba umepasuka, maana ukimpa aliyepasukiwa unamzidishia damu kuvuja. Kwake yeye kuifuata picha hiyo kulikuwa ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara: Witu, Garsen, ndipo uifikirie Malindi au Mombasa. Picha yake ilipigwa siku ya tatu. Mshipa ulikuwa umeziba, upande wa kushoto wa ubongo. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mwili wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maskani ya lugha. Mkono, mguu na maneno vikaenda pamoja.

Wiki saba za chumba cha ndani

Nyumba haikukaa bure. Kombe, yaani aya za Qurani, liliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi mawaridi, akanyweshwa amelala chali. Akapaliwa. Kila siku alipaliwa, na kila siku wakasema dawa inafanya kazi, kwamba kinachokohoa ni kile kilichomwingia.

Sikuwaambia waache kombe. Sina mamlaka hayo, wala sikuyataka. Nilichowaeleza ni kwamba baada ya kiharusi koo huchelewa kufunga mlango wake, na kimiminika kama maji ndicho chepesi kuliko vyote kupenya kwenda mapafuni, na huko kinaleta nimonia. Niliomba akae wima kabisa na anyweshwe kijiko kimoja kimoja. Mwalimu aliyeliandika, nilipomfuata barazani kumweleza, hakubishana nami hata kidogo. Yeye ndiye aliyetoa shauri kwamba maji ya kombe yapikiwe uji mzito wa mchele. Kukohoa kukapungua wiki ile ile. Laiti madaktari wote ningeweza kuzungumza nao hivyo.

Mengine yalikuwa yale ninayoyakuta kila mahali. Vidonge vya hospitali vilikwisha na hakuna aliyenunua vingine, kwa kuwa walivichukulia kama dozi ya malaria: ukimaliza, umepona. Huko Marekani karibu kiharusi 1 kati ya kila 4 humpata mtu aliyekwisha kupata kingine, na sidhani pwani yetu ina kinga ya peke yake. Nilipompima siku ile presha ilikuwa 188 kwa 110. Bega nalo lilikuwa limeteremka, maana kila walipomwinua walimvuta kwa mkono uleule uliolala. Misuli inayolishikilia bega imelala pia, kwa hiyo ukivuta mkono unaling'oa bega polepole. Hili nalisema mpaka familia zinanichoka.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa la kitambaa. Kabla ya kuugua alivaa buibui na mtandio, uso wazi. Sasa akisikia hodi ya mgeni, hata awe mwanamke, hata awe mama yake mdogo, ananyoosha mkono wa kushoto kutaka ninja, kitambaa cha kufunika uso. Binti alidhani mama amezidi dini. Lakini ninja huvaliwa mbele ya wanaume, nje, na huyu alikuwa akiivaa chumbani mwake mbele ya wanawake. Alikuwa anaficha mdomo.

Alhamdu na jina la binti

Nilikaa na shemeji zake ukumbini nikawaeleza kuhusu yale maneno ya "anajifanya", na nilikaa sana, kwa sababu niliona nisipoling'oa hilo mazoezi yote yatakuwa bure. Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca aliuonyesha ulimwengu ubongo wa mtu aliyeishi miaka mingi hospitalini akiweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa akisemeshwa alielewa. Ubongo wake ulikuwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Hali hiyo ya lugha kukatika tunaiita afasia, na kwa wengi wenye nayo maneno mengine hubaki. Dua iliyosomwa mara elfu haitafutwi neno baada ya neno. Inatoka yote kwa mkupuo, kama kamba inayovutwa kwa ncha moja. Kuhesabu moja mpaka kumi hutoka. Wimbo hutoka. Hata tusi hutoka, tena kwa mtu wa heshima ambaye hakuwahi kutukana. Lakini jina la binti ni neno la kutafutwa, kila mara upya, na mwenye kulitafuta ndani ndiye aliyeumia.

Shemeji mkubwa akauliza: "Yaani hakumsahau?" Nikamwambia hakumsahau. Mwonyeshe picha za watoto, atakuonyesha binti ni yupi. Jina ndilo limekwama. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe chumbani. Sikumfuata, kwa hiyo sijui walizungumza nini, kama walizungumza.

Jioni ile niliuliza swali ambalo wenzangu wengi huliogopa. Theluthi moja hivi ya watu waliopata kiharusi hupata sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, wakati fulani baada yake. Yapo maswali maalumu ya kuipima, lakini maswali ni maneno, na huyu maneno hana. Tulikuwa tumekubaliana: kuminya mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni la. Nikamuuliza kama anatamani kufa. Akaminya mara moja. Kwa kuwa mwenye afasia anaweza kukosea hata ndiyo na la, nikaligeuza: unataka kuishi? Mara mbili.

Daktari alimwona baada ya siku mbili, akaanzishiwa dawa ya sonona. Natanguliza hili kabla ya kufika kwa Somo ili mtu asije akasoma kisa hiki akadhani kwamba mgonjwa wa namna ile anahitaji shoga tu. Alihitaji vyote.

Mgeni niliyemwita kwa makosa

Nilikuwa nimesikia kwamba mgonjwa huinuliwa na mgonjwa mwenziwe. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1965 mwandishi wa Marekani Frank Riessman aliandika kwamba katika kusaidiana kwa namna hii anayetoa msaada mara nyingi hufaidika kuliko anayepewa. Basi nikamtafuta mtu. Karibu na pale palikuwa na mama wa miaka 60 na kitu, kiharusi kilimpitia mwaka uliotangulia, naye akasimama vizuri sana. Nilimwomba aje.

Alikuja na kaimati kwenye bakuli na moyo mweupe. Akaketi kitandani akasema: "Mama, usikate tamaa. Mimi siku ya ishirini nilikuwa sokoni nachagua ndizi." Akaamka akatembea chumbani, kwenda na kurudi, ili aonekane. Akasema ni sala na mafuta ya habasoda, na kutokubali.

Mshonaji alichukua tasbihi akahesabu kwa mkono wa kushoto. Alifika 58 akaiweka chini. Siku nne zilizofuata hakukubali mazoezi, na uji akaukataa.

Kosa lilikuwa langu mimi, wala si la yule mama. Nilichagua mtu kwa jinsi alivyopona, kana kwamba namchagulia mgonjwa cheti. Viharusi havilingani: mshipa mdogo ukiziba kidogo mtu anaweza kuinuka kwa wiki tatu bila mafuta wala mwujiza. Ukimweka huyo mbele ya mtu ambaye nusu ya mwili imelala, unachomwonyesha ni kwamba yeye ameshindwa. Na lile neno "kutokubali" ni baya kuliko linavyosikika. Linamaanisha kwamba aliyebaki kitandani alikubali.

Leso na ukuta

Somo nilikutana naye kliniki ya presha. Kiharusi chake kilikuwa na miaka mitatu, upande wa kinyume: mkono na mguu wa kushoto. Maneno anayo yote, tena ya ziada. Anatembea na fimbo, mguu wa kushoto unachora nusu duara, na upande huo bado anausahau, kwa hiyo bega lake la kushoto lina michubuko ya miimo ya milango. Zamani alikaanga mahamri na kuyauza mtaa wa Langoni. Sasa anayekaanga ni mjukuu, yeye anatoa amri.

Nilipomweleza aliuliza swali moja: "Yuko mwezi wa ngapi?" Nikamwambia wa tatu ndiyo unaanza. Akasema, "Eeh. Wa tatu ndio wenye giza. Wa kwanza bado unadhani ni ndoto."

Alipoingia chumbani hakuuliza hali. Alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu cha kushoto kwa ncha ya fimbo, akamtazama Mshonaji aliyekuwa amejifunika mpaka machoni.

"Shoga, leso wakufunga nani?"

Mshonaji akanyoosha kidole kwa binti.

"Na ukitoka chooni?"

Tena kwa binti.

"Ndoo," akasema. Kwa Kiamu ndiyo njoo. Akasimama, akaenda ukutani.

Hapa nieleze taratibu, maana nimeshawafundisha wengine tangu siku ile. Alichukua ncha moja ya leso akaibandika juu ya nyonga ya upande wake mbovu, kisha akaegemea ukuta kwa nyonga hiyo, ukuta ukaishika ncha. Ukuta wa mawe ya matumbawe una mkwaruzo, haiponyoki. Kwa mkono mzima akaizungusha leso nyuma, ikaja mbele, akaivuta ikakaza, ncha ya pili akaikunja na kuichomeka ndani kiunoni. Ndipo akauacha ukuta. Leso imekaa. Akaifungua, akafunga tena, mara hii kwa haraka, akaitikisa kiuno kwa maringo. Mshonaji akacheka. Mdomo ulikwenda upande na ninja ikacheza, lakini ulikuwa mcheko.

Nimesomea kazi hii, nina vitabu, nina mipira ya kuminya na ngazi za mbao. Hakuna aliyewahi kunifundisha leso. Mimi nilikuwa namfundisha kuinua mkono nyuzi 30 zaidi; mwenyewe alichokuwa akikitaka ni asifungwe leso na mwanawe baada ya choo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Somo alikuwa amekilalia.

Walijaribu siku ile mara tano, na zote leso ilianguka. Somo aliniudhi kidogo, kwa kuwa hakumsifu hata mara moja. Ilipoanguka alisema, "Yangu ilianguka wiki mbili." Mwisho nikaelewa kwamba hapo ndipo tofauti ilipokuwa kati yake na yule mama wa siku ya ishirini. Somo hakuwa na ahadi. Alikuwa na tarehe za kushindwa kwake mwenyewe, na alizitoa kama mtu anayetoa chenji. Alisema mwaka wa kwanza alilia kila akiona bakuli la unga. Alisema mwaka wa pili alilia Ramadhani tu. Tumaini aliloleta lilikuwa la kiasi hicho: kutoka kila siku mpaka mwezi mmoja kwa mwaka. Mshonaji aliweza kuliamini kwa sababu lilikuwa dogo.

Siku ya tisa leso ilikaa.

Ugomvi wangu na kofia

Somo akawa anakuja Jumatatu na Alhamisi. Ngazi za nyumba ile ni za mawe, kali, na nilikuwa nimewafundisha wote kanuni tunayoifundisha popote: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka. Waliigeuza ikawa kama nyimbo, na Mshonaji, kwa kuwa nyimbo hutoka, akawa anaisema nzima bila kukwama.

Mwezi wa tano nikaingia nikawakuta wameketi bega kwa bega juu ya mkeka, bafta nyeupe iliyochorwa imetandazwa katikati. Mshonaji kakaa kulia, Somo kushoto, kwa hiyo mikono yao mizima ilikuwa imekutana katikati. Wa kushoto wa Mshonaji ulishika kitambaa na kukivuta. Wa kulia wa Somo ulishika sindano. Walikuwa wanashona kofia moja kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Watu wengi wakisikia hapa hutabasamu. Mimi nilikasirika. Kazi yangu yote ya miezi mitatu ilikuwa kuushawishi ule mkono mbovu ufanye kitu, kwa sababu mkono usiotumika ubongo nao huutoa kwenye hesabu. Mwanasaikolojia Edward Taub alilijengea tiba jambo hilo: unaufunga mkono mzima ili mbovu ulazimike. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Waliopewa tiba hiyo kwa wiki mbili waliutumia mkono wao vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida, na faida ikaonekana hata mwaka ulipopita. Na hawa wawili walikuwa wamevumbua kinyume chake kabisa: njia ya mtu kutouhitaji mkono mbovu milele.

Nikawaambia. Somo akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mkono wake ukirudi tutafurahi. Lakini kofia ataka sasa."

Sikuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba tiba ile hufaa wale ambao kiwiko, kifundo na vidole vina chembe ya kujifungua vyenyewe, na vidole vya Mshonaji vilikuwa vimeanza tu kutikisika. Tukasuluhishana. Kabla ya kofia, nusu saa ni ya mikono mibovu. Mshonaji anakuna nazi kwenye mbuzi, mkono wa kulia umewekwa chini ya kifuu na wa kushoto juu yake, mikono yote miwili inasukuma. Somo anakanda unga kwa namna hiyo hiyo. Nazi ile inapikiwa mchuzi, unga unakwenda kukaangwa. Baada ya hapo washone watakavyo. Wakati wa kushona mkono wa kulia wa Mshonaji unalazwa juu ya ncha ya bafta kama jiwe la kushikia, ili angalau uwe kazini.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba Somo hajui kushona. Ni mtu wa mahamri. Uzi alikuwa akiuvuta kama anafunga gunia, na tundu za kofia, ambazo uzuri wake ni kuzungushiwa uzi kwa nguvu sawasawa, zikawa zinakunjamana. Mshonaji alimpiga kofi mkononi, akatikisa kichwa, akasema "la, la", neno aliloliweza. Somo akaendelea kuvuta huku anapiga soga. Siku moja, mwezi wa sita, ikatoka: "Legeza!"

Kila mtu alinyamaza. Binti alikuja mbio kutoka jikoni. Mshonaji mwenyewe aliweka mkono mdomoni.

Kitaalamu naweza kuipunguza: neno la hasira hutoka kwa mkupuo kama dua, halikuwa la kutafutwa. Lakini kesho yake alilisema tena, kwa kukusudia, kwa binti aliyekuwa anamfunga mtandio. Na baadaye likaja "uzi", na "siyo hapo". Jina la binti lilikuja mwezi wa nane, silabi mbili za mwisho tu, na ndivyo anavyomwita mpaka leo. Binti anasema analipenda hivyo.

Kinachosemwa barazani na kisichosemwa

Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaani kukaa na watu wenye msongo kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Kishona, lugha ya huko, kina neno kwa hali hiyo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Msikilizaji wa Kiswahili analisikia kama la ndugu. Kwetu husemwa "ana mawazo", na kila mtu anajua si mawazo ya hesabu.

Wakati mwingine nafikiri Amu ilikuwa na mabenchi hayo kabla ya zahanati: madaka yetu, vibaraza vya mlangoni, yana viti vya mawe pande zote mbili. Lakini daka ni la wanaume. Mume aliyepata kiharusi hutolewa jioni akaketishwa pale, akapewa kahawa, akasikia bei ya changu na siasa, hata kama hasemi. Mke aliyepata kiharusi huingizwa chumba cha ndani. Kwa heshima, wanasema. Nimewahesabu wagonjwa wangu: wanaume huanza kutoka nje wiki za mwanzo, wanawake wengine sijawahi kuwaona juani. Somo alikuwa akifanya kazi ya daka, ila alilibeba mgongoni akaliingiza ndani.

Na mzigo huo ulimlemea. Mwezi wa tisa hakuja wiki mbili. Presha yake ilikuwa imepanda, na nilipomtembelea alikiri kwamba vidonge vyake alikuwa akivigawa: kimoja yeye, kimoja Mshonaji, siku ambazo nyumba ile haikuwa na pesa. Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilizungumza na mume wa Mshonaji kuhusu dawa, kwa ukali, na nikapanga Somo naye awe na siku yake ya kupimwa, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia kama dawa nikasahau kwamba ni mgonjwa.

Mshonaji alipoambiwa sababu alidai buibui. Ninja pia. Siku ya kwanza alifika chini ya wikio, pale nyumba mbili zinapounganishwa juu ya njia na pana kivuli, akakaa juu ya kibaraza cha watu robo saa, punda wakipita, akarudishwa. Siku ya pili alikwenda mbali kidogo zaidi. Langoni alifika siku ya nne, jua limeshatua, na binti anasema walipokutana hawakukumbatiana wala nini. Somo alimtazama miguu, akasema, "Kiatu umekivaa kombo."

Sasa ni mwezi wa 14. Presha ya Mshonaji mara tatu mfululizo imekuwa chini ya 135 kwa 85. Dawa ya sonona bado anatumia. Vidole vya kulia vinafunga, na kufungua vinafungua nusu; sindano havishiki, na nimeacha kumtajia miezi. Maneno yake nimeyahesabu mara ya mwisho yakafika 90 na ushee, mengi ya amri. Ninja anaivaa nje. Ndani haivai tena, isipokuwa akija yule mama wa siku ya ishirini.

Kofia ilimalizika baada ya miezi mitano na nusu. Nusu ya tundu zimebanwa mno na nusu zimekaa sawa, mtu unaweza kuonyesha kwa kidole mahali neno "legeza" lilipoingia. Somo anataka iuzwe, wagawane. Mshonaji anasema la. Mara ya mwisho nilipopita walikuwa wamechora bafta nyingine, na ugomvi wa ile ya kwanza haujaisha.